Njia ya Pentosi na Masikio ya Makangale: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Wafasiri wengi hulalamika juu ya majina marefu ya sayansi. Kwa maoni yetu jina refu si adui mkubwa. Msomaji akikutana nalo husimama akauliza, au huliruka huku akijua kwamba ameliruka. Adui ni neno fupi la kila siku, ambalo msomaji hulipita bila ya kusimama kwa kuwa anadhani amelielewa. Naye amelielewa kweli, ila siyo kama mwandishi alivyokusudia.

Tumelazimika kuyasema haya baada ya kuletewa mezani petu rasimu ya kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wahudumu wa afya wa shehia. Kijitabu chaeleza hali iitwayo upungufu wa G6PD, na jinsi ya kumhudumia mwenye hali hiyo anapougua malaria. Ofisi iliyokifasiri hatutaitaja, kwani makosa tutakayoyaonyesha tungeweza kuyafanya hata sisi, na baadhi yake, kama msomaji atakavyoona, yana mizizi katika kazi yetu wenyewe. Rasimu ile tuliichukua tukaenda nayo Makangale, kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, Wilaya ya Micheweni, ng'ambo ya msitu wa Ngezi kwa mtu atokaye Konde. Tukaisoma kwa sauti mbele ya mwalimu wa sayansi, mkunga, wavuvi wawili, na wazee waliokuwa barazani. Kila sentensi tuliuliza swali moja tu: Mmesikia nini?

Kabla ya kueleza waliyoyasikia, yafaa tuliweke wazi jambo lenyewe, maana mfasiri asiyejua kitu kinavyofanya kazi hawezi kukipa jina.

Seli hupata nguvu kwa kuivunja sukari iitwayo glukosi. Glukosi ikishaingia ndani ya seli hufungwa fosfeti moja, ikawa glukosi-6-fosfeti, na hapo ndipo penye njia panda. Njia moja, ambayo vitabu huiita glikolisisi, huikata molekuli ile vipande viwili na hatimaye hutoa piruveti pamoja na ATP, yaani nguvu iliyo tayari kutumika. Njia ya pili huichukua glukosi-6-fosfeti hiyo hiyo, huinyang'anya hidrojeni, kisha huiondolea kaboni moja inayotoka kama kaboni dioksidi, ikabaki sukari yenye kaboni tano. Sukari ya namna hiyo ndiyo pentosi. Hidrojeni zilizonyang'anywa hazipotei. Hupokewa na kibebaji kiitwacho NADP, kikawa NADPH. Kila glukosi-6-fosfeti moja ipitayo hapa huacha nyuma yake NADPH mbili. Pentosi inayobaki yaweza kuwa ribosi, ambayo seli huitumia kutengenezea asidi nukleiki. Au yaweza kuunganishwa na kugawanywa upya mpaka ikarejea katika ile njia ya kwanza. ATP haitoki hapa hata moja. Kimeng'enya kinachosimama mlangoni mwa njia hii, kile kinachonyang'anya hidrojeni ya mwanzo, ndicho G6PD.

Seli nyingi zina namna nyingine za kujipatia NADPH. Chembe nyekundu ya damu haina. Imekwisha kupoteza kiini na mitokondria, na kwa NADPH hutegemea njia ya pentosi peke yake. NADPH hiyo huifanya upya glutathioni, nayo glutathioni huzuia himoglobini na ngozi ya chembe zisichomwe na vioksidishaji. Dawa fulani ikileta vioksidishaji vingi na G6PD ikawa dhaifu, chembe nyekundu hupasuka kwa wingi.

Sasa tuangalie rasimu. Ukurasa wake wa kwanza waiita njia ya pentosi "njia mbadala ya kuvunja sukari". Mfasiri hakukosa sarufi wala kamusi. Asili ya Kiingereza ndivyo isemavyo. Lakini katika Kiswahili, kitu mbadala ni kile kinachoshika nafasi ya kingine kikafanya kazi ile ile. Nishati mbadala yapika chungu kile kile. Barabara mbadala yakufikisha mjini kule kule. Mmoja wa wavuvi alituambia bila ya kusita: "Kwa hivyo hii ni ya kupita pale kubwa inapofungwa." Hayo sivyo kabisa. Njia zote mbili huwa wazi wakati mmoja, na kazi zake ni mbalimbali: moja hutoa nguvu, nyingine hutoa kinga na mali ghafi. Katika chembe nyekundu iliyotulia, takribani sehemu moja katika kumi ya glukosi hupita njia ya pentosi. Vioksidishaji vikizidi, kiasi hicho hupanda. Kinachoamua ni haja ya NADPH, wala si kuzibwa kwa njia nyingine. Neno "mbadala" basi lafuta jambo lenyewe ambalo kijitabu kilikusudia kulifundisha, kwamba njia hii haina wa kuishikia zamu.

Kuna maneno mengine yaliyopendekezwa pembeni mwa rasimu kwa kalamu nyekundu. "Njia ya mkato" haifai, kwa kuwa njia hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza. "Njia ya panya" lilipendekezwa na mtu ambaye, bila shaka, hajapata kuishi Pemba. Kisiwani humu njia ya panya na bandari bubu ni maneno ya magendo ya karafuu, na hakuna mtu atakayeamini kwamba kitu kinachopita huko ni cha halali. Halafu kuna "mchepuko". Hili, ukiliangalia kwa jicho la mwanaisimu, ni zuri mno. Kitenzi kuchepuka chaonyesha barabara kitu kinachoacha njia kikaweza kuirudia baadaye, na ndivyo pentosi zifanyavyo. Hata baadhi ya wana sayansi wa Kiingereza huitaja njia hii kwa neno la reli, neno la kulitoa behewa kwenye reli kuu na kulipitisha kando. Lakini tulipolisoma neno "mchepuko" barazani, vijana waliokuwa wamesimama nyuma waliangua kicheko, na mkunga akajifunika uso kwa ukaya. Tangu kampeni za Ukimwi za muongo wa 2010 kuwaasa watu waiache michepuko wabaki njia kuu, neno hili lina maana moja tu katika vichwa vya watu. Tena fikiria ubaya wa mafunzo yake: msomaji ameambiwa miaka mingi kwamba mchepuko huangamiza, na hapa twataka kumwambia kwamba mchepuko ndio uhai wa damu yake. Miaka ya 1980 neno hili lingepita bila ya matata. Leo halipiti, na Baraza haliwezi kuwaamrisha watu wasicheke.

Wasomaji wasidhani kwamba taabu hii ni ya Kiswahili peke yake. Otto Warburg, Mjerumani aliyekichunguza kimeng'enya hiki mapema katika miaka ya 1930, alikipa jina lenye maana ya kimeng'enya cha katikati, kwa kuwa wakati ule alijua mahali kilipo kuliko alivyojua kazi yake. Baada yake walikuja Frank Dickens, Bernard Horecker na Efraim Racker, kila mmoja akaongeza hatua. Kadiri hatua zilivyojulikana, njia ikapata majina: mengine ya wagunduzi, mengine ya kemikali iliyomo, mengine ya lile neno la reli. Majina yote hayo yangali vitabuni. Basi mfasiri anapokuta majina matatu katika asili moja, asihangaike kutafuta maneno matatu ya Kiswahili. Kitu ni kimoja. Sisi twapendelea "njia ya pentosi": halina picha, halina kicheko, nalo lataja kitu kinachopatikana humo na ambacho hakipatikani katika njia ya kwanza. Atakayesema ni neno kavu, tutamkubalia. Mwalimu wa Makangale alilikubali upesi, akalichora ubaoni kwa mfano wa barabara ya Konde inayogawanyika, upande mmoja magari yabeba kuni za kupikia, upande mwingine yabeba maji ya kuzimia moto. Mfano wake ni bora kuliko wetu wote, na ni wa kutumiwa darasani. Lakini mfano si istilahi.

Tuje kwenye jina la kimeng'enya. Rasimu, kwa kuchoka na "glukosi-6-fosfeti dihidrojenesi", yakiita "kimeng'enya cha sukari", na mwenye hali hii "mgonjwa wa upungufu wa kimeng'enya cha sukari". Bibi mmoja alimgeukia mjukuu wake akamwambia: "Haya, wanasema sukari." Hakusikia kimeng'enya, hakusikia upungufu. Alisikia sukari, nayo katika Kiswahili cha leo ni jina la ugonjwa kabla ya kuwa jina la kitu cha kutia chaini. Tulimwuliza angefanya nini iwapo mtoto wake ameandikiwa hivyo. Akajibu: "Mwanangu, si nitamwachisha vitamu?" Hapa ndipo tulipoona kwamba ufupisho uliokusudiwa kumsaidia mtu umempeleka katika ugonjwa asiokuwa nao. Afadhali herufi na tarakimu zibaki zilivyo, G6PD, kama zilivyobaki VVU na UKIMWI. Herufi hazimdanganyi mtu.

Neno "upungufu" nalo lataka uangalifu. Rasimu hulibadilisha-badilisha na "ukosefu", pengine kwa ajili ya kupamba lugha. Mapambo hayo yana gharama. Aina ya hali hii iliyoenea zaidi katika Afrika huacha kimeng'enya kikifanya kazi kiasi cha sehemu moja katika kumi ya kawaida, na chembe nyekundu changa huwa nacho kingi kuliko zilizozeeka. Huo si ukosefu. Lakini hata "upungufu" lina mtego wake, kwani upungufu wa damu ni maradhi yanayojulikana na kila mama aliyepata kuhudhuria kliniki. Mwenye upungufu wa G6PD hana upungufu wa damu siku zote; aweza kuishi maisha yake yote bila ya kujijua. Upungufu wa damu humjia pale tu chembe zinapopasuka. Mahali pamoja rasimu imeandika "upungufu huu hutibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma", na hata sisi tulisoma mara mbili tusijue ni upungufu upi. Ombi letu ni kwamba neno "upungufu" lisiachwe peke yake katika maandishi ya namna hii. Liandamane na kitu kilichopungua, kila mara, hata kama ukurasa utajaa marudio.

Kosa ambalo hatuwezi kulisamehe liko ukurasa wa nne. Limeandikwa: "Mama humwambukiza mtoto wake wa kiume." Jeni ya G6PD imo katika kromosomu X. Mwanamume anayo X moja, aliyoipata kwa mama. Ikiwa na kasoro, hana nyingine ya kuifidia. Mwanamke anazo mbili, na aweza kuwa na kasoro katika moja pasipo kuonekana. Hayo ndiyo yaliyokusudiwa. Lakini kuambukiza ni kitenzi cha kipindupindu na kifua kikuu. Mkunga alituuliza kwa sauti ya chini kama mume akisoma maneno yale hatasema mke ndiye aliyemletea maradhi nyumbani. Swali lake hatukuweza kulijibu, isipokuwa kwa kulifuta neno. Kurithi na kurithisha ni maneno ya siku nyingi, yametumika katika mashamba na nyumba kabla ya kutumika katika biolojia. Na pasiandikwe "ugonjwa wa wanaume", kwani msichana aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama yumo vile vile.

Sasa tuingie katika sehemu iliyotupotezea usingizi. Katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani, wafungwa walipewa dawa ya malaria iitwayo primakwini kwa majaribio, na damu za baadhi yao, hasa watu weusi, zikapasuka. Mwaka 1956 Carson na wenzake walieleza sababu: chembe zao nyekundu zilikuwa na G6PD kidogo. Mwaka 1960 A. C. Allison alitangaza habari za upungufu huo miongoni mwa watu wa Afrika ya Mashariki. Tangu hapo primakwini imetazamwa kwa hofu. Lakini mwaka 2012 Shirika la Afrika... la Afya, tuseme sawasawa, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, ili kuua vimelea vya hatua ile ambayo mbu huvichukua. Na likasema dozi hiyo yaweza kutolewa bila ya kupima G6PD. Zanzibar iliiingiza dozi hiyo katika matibabu yake mwaka 2016. Dozi ya siku kumi na nne, ambayo hutumika kwa malaria ya aina nyingine, ni jambo jingine, na hiyo ndiyo yenye kutaka kipimo.

Rasimu yasema nini? "Primakwini ni hatari kwa mwenye upungufu huu." Basi. Dozi moja na dozi kumi na nne zimefungwa kamba moja. Asili ya Kiingereza ilitofautisha kwa vivumishi viwili vidogo, na mfasiri akaviona ni vya kupunguza urefu. Mtu wa Makangale akisoma hivyo ataikataa hata ile dozi moja, na mbu wa Makangale wataendelea kuchukua walichokuwa wakichukua. Siku zote twawaambia wafasiri wapunguze maneno. Hapa twasema kinyume chake.

Halafu rasimu yamtaka mhudumu amwonye mgonjwa kurudi kituoni upesi "akiona damu kwenye mkojo". Wote barazani waliitikia kwa pamoja: kichocho. Nao wana haki. Kichocho ni maradhi ya kale ya Pemba. Watoto wa skuli wamepewa vidonge vya prazikwanteli mara nyingi, na kila mzazi ajua kwamba mkojo wenye damu ni kichocho na kwamba kichocho hakimfanyi mtu akimbie kituoni usiku. Lakini mkojo wa aliyepasukiwa na chembe hauna damu nzima ndani yake. Una himoglobini iliyochujwa kutoka katika chembe zilizokwisha kuvunjika, na rangi yake ni nyeusi-nyeusi kuliko nyekundu. Ubaya ni kwamba hata karatasi ya kupimia mkojo hubadilika rangi katika hali zote mbili. Hadubini ndiyo inayoonyesha kama chembe nzima zimo au hazimo. Kwa hiyo neno la mgonjwa mwenyewe juu ya rangi aliyoiona lina thamani kubwa, na neno hilo tumempokonya kwa kumpa la ugonjwa mwingine.

Kuhusu chakula twaweza kusema kwa ufupi. Rasimu yakataza "maharage". Chakula kinachodhuru ni aina moja tu ya kunde, ile ambayo Waarabu huiita ful na watu wa Ghuba huiita bagila. Katika Oman, ambako hali hii imeenea mno, takribani robo ya wanaume, onyo hilo lina maana kwa kila jiko. Familia nyingi za Pemba zina jamaa huko, na mtu akirudi na mkebe wa ful yafaa ajue. Lakini maharage, kunde, choroko na mbaazi za Makangale hazina kosa lolote, na kuzikataza ni kumnyang'anya maskini kitoweo kwa sababu ya kamusi. Liandikwe "ful", bila ya tafsiri. Jambo ambalo rasimu haikulitaja kabisa, kwa kuwa mwandishi wa asili hakuandika kwa ajili yetu, ni hina. Imekwisha kuonekana kwamba hina ikipakwa mwilini mwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD yaweza kupasua chembe zake. Kadhalika vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo sandukuni, ambamo nguo za mtoto hutunzwa. Mfasiri si mtumwa wa asili. Akijua kitu kinachowahusu wasomaji wake, amwulize mtaalamu, na kiongezwe.

Tulisema kwamba makosa mengine yana mizizi kwetu. Orodha za istilahi tunazozitoa zina safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, neno kwa neno. Kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 imewafaa sana walimu, na sisi wenyewe tumejifunzia humo. Lakini darasani mwanafunzi asipoelewa neno hunyosha mkono. Kituo cha afya saa nane za usiku hakina mtu wa kunyoshewa mkono. Mfasiri wa rasimu hii alifungua orodha, akakuta neno, akalitumia. Hakuna safu iliyomwambia kwamba neno lile tayari limeshikwa na ugonjwa mwingine, au na kampeni, au na magendo. Twapendekeza safu ya tatu iongezwe kwa istilahi zote za tiba, nayo iandikwe kile ambacho wasikilizaji wasio wataalamu wamesikia waliposomewa. Kazi hiyo haifanyiki ofisini. Yataka nauli, na twajua jibu tutakalopewa kuhusu nauli.

Rasimu imerudishwa ikiwa na mabadiliko haya yote, isipokuwa moja ambalo twaliweka mbele ya Kamati ya Istilahi. Asili yaeleza rangi ya mkojo kuwa ni ya chai, na mfasiri akaandika hivyo. Mzee mmoja aliuliza: "Chai ipi, Maalim? Ya maziwa au ya rangi? Na ya rangi, ya nyumba ipi?" Palizuka mabishano ya nusu saa. Wengine walitaka maji ya ukwaju, mkunga akayakataa kwa kuwa huwa mepesi mno. Mwishowe walikubaliana wote, wavuvi na wazee, juu ya kahawa chungu ya barazani, ile isiyotiwa kitu. Katika nakala tuliyoirudisha tumeandika "mkojo mweusi kama kahawa", na neno "damu" tumelitoa.